Kadude ka kubana kwenye bukta

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, nikiwa katikati ya Daraja la Tanzanite, simu yangu ilimpigia mama mkwe. Mimi sikuigusa. Ilikuwa mfukoni imelowa jasho, nami najikongoja kumalizia kilomita ya sita. Mama yuko Muheza. Alipokea akiwa ametoka tu kuswali, akasikia mwanamume anahema, anahema, halafu anasema, "Twende, twende, bado kidogo." Alisikiliza dakika mbili na ushee, akakata, akampigia binti yake.

Yaliyofuata nyumbani siyaelezi. Nilipopata nafasi nikampigia mwenyewe. "Shikamoo mama." Akaitika "Marahaba baba" kwa sauti ya mtu anayetaka maelezo ila staha inamzuia kuyadai. Nikamweleza habari za jasho na kioo cha tachi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Haya. Sasa hilo lisimu lote unakimbia nalo la nini?"

Jibu lilikuwa rahisi: muziki. Ndiyo hivyo, nilikuwa nabeba karibu gramu 200 za kioo na chuma, zenye benki yangu ndani, picha za watoto, barua pepe za kazini na kundi la WhatsApp la ukoo mzima, ili nisikie nyimbo kumi na mbili. Na hata hizo nyimbo sikuwa naweza kuzibadilisha. Kioo cha simu kinamtambua mtu kwa sababu mwili unapitisha umeme, na jasho, kwa kuwa lina chumvi, nalo linapitisha. Kitambaa kilicholowa kikigandana na kioo, simu haijui kama ni kidole au ni mfuko wa bukta. Kwa hiyo mwenye kidole akitaka kuruka wimbo haisikii, lakini bukta ikitaka kumpigia mama mkwe, inaunganisha mara moja.

Nikaamua kutafuta kidude kidogo, cha bei ya kawaida, cha kupiga muziki basi. Sikutegemea kwamba mwaka mzima ungepita kabla sijaridhika.

Kwanza niseme kwa nini sikuamua tu kukimbia kimyakimya, maana ushauri huo nimepewa sana. Sisi tuliosoma shule za serikali tulilelewa na mchakamchaka. Alfajiri, vumbi, mmoja anaanzisha wimbo, wengine mnaitikia, na mguu unatua palepale kiitikio kinapotua. Hakuna aliyekuwa anahesabu kilomita. Hadi leo, ukiamka mapema Jumamosi kule Temeke au Mbagala, utakutana na vilabu vya jogingi vimevaa tisheti za rangi moja, filimbi mbele, wanaimba barabara nzima. Wale hawahitaji kifaa chochote. Mimi nakimbia peke yangu kuanzia saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo wa kunianzishia wimbo lazima nimbebe. Na si sisi tu tuliolijua hilo. Haile Gebrselassie alipovunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ukumbini, Birmingham, mwaka 1998, wimbo alioupenda mwenyewe ulikuwa unapigwa uwanjani huku yeye anazunguka.

Basi nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwenye vile vibanda ambavyo chaji, kava na hedifoni zinaning'inia kama kamba za vitunguu. Kijana akanitolea kadude ka pembe nne, ka bati la rangi ya samawati, kadogo kuliko kiberiti, kana kibanio mgongoni. Hakana kioo. Hakana hata kumbukumbu ya ndani: ubavuni kana tundu la memori kadi, unaweka ya kwako. Shilingi 12,000, tukaafikiana 10,000. Niliondoka najiona mjanja.

Kesho yake, Barabara ya Toure, bahari kulia kwangu, upepo wa kusi unavuma. Nilikuwa nimezipanga nyimbo kwa akili zangu: mbili za taratibu za kupasha misuli, halafu za kuchanganya, mwisho ya kupoa. Nimezipa hadi namba, 01, 02, 03. Nikabonyeza. Ikaanza ya kupoa, ikafuata ya saba, ikarudi ya pili. Nikadhani nimegusa kitufe cha kuchanganya, kumbe kitufe hicho hakipo. Nikazima, nikawasha, ikaanza ileile ya kupoa. Kila ukizima, kanasahau ulikoishia na kurudi mwanzo, na mwanzo wenyewe ni ule kanaoujua chenyewe.

Ilinichukua wiki kuelewa. Vidude vya bei hiyo havisomi majina ya nyimbo. Vinafuata orodha iliyoko kwenye kadi yenyewe, na orodha hiyo inajiandika kwa kufuata wimbo upi ulinakiliwa kwanza. Ukizibeba nyimbo zote kwa pamoja na kuzimwaga kwenye kadi, kompyuta inazipeleka kwa utaratibu wake, na huo ndio utakaousikia barabarani. Dawa yake ni ya kichovu ila inafanya kazi: futa kadi yote, kisha peleka wimbo mmojammoja kwa mpangilio unaoutaka. Na kama kompyuta yako ni Mac, kuna kero nyingine. Huwa inaacha vifaili vya siri vinavyoanza na nukta, kidude kinavidhania nyimbo, na kati ya wimbo na wimbo unasikia kimya au mkwaruzo kama wa redio iliyopoteza stesheni.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonishinda ni vitufe. Vilikuwa vitano, vimelala sawasawa na bati, laini, vyote umbo moja. Kidole gumba hakiwezi kutofautisha cha mbele na cha kuongeza sauti. Siku moja, napishana na bodaboda pale mwisho wa daraja upande wa Aga Khan, nilitaka kupunguza sauti nimsikie anayenipigia honi nyuma. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Yule bwana alipita amenigusa kiwiko, akanitupia neno ambalo nashukuru sikulisikia.

Tangu siku hiyo nikawa na kipimo kimoja tu. Nikipewa kifaa dukani, nakitia mfukoni, nafumba macho, nabonyeza. Nataka nijue kiko upande gani, kipi ni cha kusimamisha, kipi cha kupunguza, kabla sijahesabu tatu. Kama siwezi nikiwa nimesimama dukani nimetulia, sitaweza nikiwa nahema. Wauzaji wananitazama kama kipofu wa kujifanya. Mmoja aliniuliza, "Bro, unanunua au unaswali?"

Waliolijifunza hili kwa gharama kubwa kuliko yangu ni Apple. iPod shuffle, kidude chao kidogo cha muziki, ile ya kwanza ya mwaka 2005, ilikuwa na gramu 22, haina kioo, na watu waliipenda kwa sababu ilikuwa na duara moja la vitufe unaloweza kulipapasa gizani. Mwaka uliofuata wakaifanya ndogo zaidi, wakaitia kibanio, ikawa ndiyo mama wa vile vibati vyote vya Kariakoo. Halafu mwaka 2009 wakapitiliza: wakaondoa vitufe vyote kwenye kifaa, wakavihamishia kwenye waya wa hedifoni. Ukitaka wimbo unaofuata unabonyeza mara mbili, uliopita mara tatu. Hedifoni za kawaida ukizichomeka, huna pa kubonyeza. Wakaiongezea sauti ya kukutajia jina la wimbo kwa lugha 14, Kiswahili hakimo. Mwaka 2010 wakatoa nyingine, na vitufe vimerudi palepale kwenye duara lake. Kampuni yenye wabunifu wote wale, iligundua ndani ya mwaka mmoja na nusu alichokijua kila anayekimbia. Shuffle ilifutwa Julai 2017, na iPod ya mwisho kabisa, ile ya kioo cha tachi, mwaka 2022. Ukiambiwa leo kwamba fulani anauza shuffle mpya, ujue ama ni bati la Aggrey, ama ni ya zamani ambayo betri imekaa kabatini miaka mingi. Betri ndogo za namna ile zikiachwa tupu muda mrefu, mara nyingi haziamki.

Hapa katikati nilijaribu njia mbili nyingine. Ya kwanza, hedifoni za Bluetooth na simu, mara kwenye mkanda wa mkono, mara mfukoni. Uhuru wa kutokuwa na waya ni mtamu, sikatai. Lakini simu ni ileile, na mkono wenye simu unachoka tofauti na usio na simu. Kisha kuna jambo la maji. Mawimbi ya Bluetooth yanamezwa na maji, na sisi wanadamu sehemu kubwa ni maji. Ukiweka kifaa mfuko wa nyuma kulia, na sikio linalopokea ni la kushoto, mwili wako wenyewe ndio ukuta. Sauti inakatikakatika kila mguu wa kulia unapokwenda mbele. Nilidhani hedifoni mbovu, nikabadilisha mfuko, ikatulia. Kwa sababu hiyohiyo waogeleaji hawana habari na Bluetooth: wanaotaka muziki majini hununua hedifoni zenye nyimbo ndani yake, kama Sony NW-WS413 yenye GB 4, inayoruhusiwa hata maji ya bahari mpaka mita 2. Mimi siogelei, na bei yake si ya mtu anayetafuta unafuu, kwa hiyo niliiangalia kwa mbali.

Njia ya pili ndiyo ninayomshauri kila asiyetaka kuhangaika, na watu hunicheka nikiisema: kitochi. Simu ya vitufe, ile ya tochi kichwani. Nyingi zina tundu la memori kadi, zinapiga MP3, zina redio, betri inakaa siku kadhaa, na ikidondoka unaokota unaendelea. Vitufe vyake vimenyanyuka, kuna kinundu kwenye namba 5 kinachokuonyesha ulipo bila kutazama. Ukiitia laini, una simu ya dharura. Ikiporwa, unasikitika kwa nusu saa. Kasoro yake ni kwamba haina kibanio, kwa hiyo inarukaruka mfukoni, na nyingine spika yake ya nje inalia vizuri kuliko tundu la hedifoni. Nilikimbia nayo miezi mitatu na sijutii. Ingekuwa ina kibanio, makala haya yangeishia hapa.

Hatimaye jamaa mmoja aliyekuwa anarudi kutoka Dubai aliniletea SanDisk Clip Jam. Ni ya plastiki, nyepesi kiasi kwamba unaisahau, ina kioo kidogo cha maandishi, GB 8 za ndani na tundu la kadi mpaka GB 32. Betri imetajwa kuwa ya saa 18, mimi naichaji mara moja kwa wiki na haijaniangusha. Ukoo wake wa Clip ulianza 2007, na ile ya 2009, Clip+, bado ina wafuasi wanaoitafuta mitumba kwa sababu inakubali kuwekewa Rockbox, programu huru inayokifanya kidude cha zamani kiwe na mambo ambayo kiwandani hayakuwemo. Mimi sikufika huko. Nilichotaka ni kitufe cha kati chenye duara lake, nikakipata. Kingine nilichokipenda baadaye: ukiweka podikasti au kitabu cha kusikiliza kwenye folda yake, kinakumbuka ulipoishia. Baada ya kile kibati changu, nilikaribia kukibusu.

Kuhusu ukubwa wa kumbukumbu, watu wanapoteza fedha bure. Wimbo wa MP3 wa ubora wa kawaida, ule wa kilobiti 128 kwa sekunde, unakula karibu MB 1 kwa dakika. GB 4 ni zaidi ya saa sitini. Nani anakimbia saa sitini? Ubora wa 320 unakula mara mbili na nusu ya hapo, na barabarani, upepo wa kusi unapiga sikio na daladala zinapiga honi, sijawahi kusikia tofauti. Kadi kubwa kuliko GB 32 zina tatizo jingine, kwani hutoka kiwandani zimepangwa kwa mfumo ambao vidude vingi vidogo havisomi, utaambiwa hakuna kadi. Halafu kuna kadi za uongo. Imeandikwa GB 64, ndani ina nane, ikijaa inaanza kuandika juu ya zilizopo, nyimbo zinakatika katikati. Ukinunua, jaza kadi yote siku hiyohiyo, kisha uzifungue za mwisho ulizoweka. Zikicheza, uko salama.

Ila nyimbo zenyewe lazima ziwe mafaili yako. Hili limewaliza wengi: umelipia huduma ya muziki kwenye simu, umezipakua, unadhani ni zako. Zimefungwa ndani ya programu ile, hazihami kwenda kwenye kidude cha MP3. Mimi nilirudi kwenye makusanyo yangu ya zamani, CD nilizozihamisha enzi hizo, na nyimbo nilizonunua moja kwa moja kwa wasanii. Faida yake ni kwamba bando halihusiki. Kusikiliza mtandaoni saa moja kwa ubora uleule wa 128 ni karibu MB 60, kila asubuhi.

Na humo ndani nimeweka nini? Nilianza na singeli, kama kila mtu anayetaka kwenda haraka. Kosa. Singeli inapiga mapigo 200 kwa dakika na kuendelea, na miguu ya mtu wa makamo kama mimi iko kwenye 160 hivi. Nilifika mwanzo wa daraja nimeshakwisha, nikalivuka natembea nimeshika kiuno kama mgeni rasmi anayekagua mradi. Siku hizi nakimbia na muziki wa dansi. Ule muziki ulitungwa na watu wanaojua pumzi: dakika nne za mwanzo mwimbaji anasimulia taratibu, unapasha misuli, halafu solo linaingia, chemko linaanza, na mwili unaongeza mwendo wenyewe bila kuambiwa. Wimbo mmoja wa dakika tisa ni zoezi kamili. Redio pia natumia, siku ya Ijumaa nikitaka habari. Lakini kwenye vidude hivi waya wa hedifoni ndio antena, kwa hiyo ukiuchomoa stesheni zinapotea.

Jasho ndilo adui wa mwisho, na ndilo linaloua vidude vingi kuliko kudondoka. Linashuka kutoka shingoni, linafuata waya kama mchwa wanavyofuata kamba, linaingia kwenye tundu la pini. Chumvi inabaki humo, na baada ya wiki kadhaa upande mmoja wa hedifoni unakufa. Fundi mmoja alinifundisha: bana kidude kiwe kichwa chini, tundu litazame ardhini, na uuache waya uning'inie kidogo chini yake kabla haujapanda, ili tone likifika pale chini lidondoke lisipande. Ukifika nyumbani, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo ya bomba, kausha, ndipo uchaji. Usichaji kikiwa kibichi. Maandishi ya kwenye boksi kwamba hakiogopi maji yanahusu maji safi, hayakuzungumzia jasho la Dar mwezi wa pili. Na kama kidude chako kipya cha rahisi kina tundu la chaji la USB-C na hakiamki ukikichomeka, kabla hujakirudisha dukani, jaribu waya wenye kichwa kipana cha USB ya zamani upande wa chaji. Vingi vya bei nafuu vimepunguziwa vipuri, vikikutana na waya wa C kwa C havielewani.

Sikio moja naliacha wazi. Tangu siku ya kiwiko, la kulia ni la bodaboda.

Mwezi wa tisa tulikwenda Muheza. Mama alikuwa ameambiwa na daktari atembee nusu saa kila siku kwa ajili ya presha, na alikuwa anaona aibu kutembea bila sababu, majirani wasije wakamuuliza anakwenda wapi. Nikamwekea kaswida na taarab za zamani kwenye Clip, nikamwonyesha mara moja tu. Miwani hakuivaa. Alikishika mkononi, akakipapasa, kidole gumba kikaenda katikati chenyewe, kikabonyeza. Akakibana kwenye ncha ya kanga palepale kwenye fundo, akatoka.

Nilirudi Dar bila nacho. Wiki iliyopita simu ikaita saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, nikapokea mbiombio nikidhani kuna msiba. Nikasikia mtu anahema.

"Mama? Shikamoo, kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna kitu. Hizi zako za chemko ulizisahau humu ndani, zimeniingilia katikati ya kaswida. Nimeshafika stesheni ya reli."